Dereva Ameshindwa Kusafisha

Daktari Shamsi aliwakusanya watumishi wote wa kituo barazani, pale wanapopimiwa watoto uzito. Akaiweka mashine ya kupimia moyo juu ya meza ya chanjo na kuigeuza ili kila mtu aone kioo. Chini ya kioo kulikuwa na mstari mwekundu wa Kiingereza. Daktari akavaa miwani, akauwekea kidole, akaanza kuufasiri neno moja moja kama mwalimu anayesomesha watoto imla.

"Dereva," akasema. "Kumbukumbu. Kusafisha. Kushindwa." Akavua miwani. "Mmesikia wenyewe. Dereva alikumbushwa kusafisha, akashindwa. Siyo mimi ninayesema, ni mashine."

Kituo kile cha mradi, nje kidogo ya mji wa Kibondo, kilikuwa na gari moja la wagonjwa na dereva mmoja. Watu hawakumgeukia papo hapo. Walitazama viatu vyao, halafu viatu vya jirani, mpaka macho yakafika mwisho wa benchi alipokaa Reverien, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba, suruali bado ina udongo wa kaburi la mkewe.

"Una la kusema, Mzee Reverien?"

"Nilisafisha."

"Mashine haina sababu ya kukusingizia, Mzee."

Reverien aliishia darasa la nne. Kiingereza chake kilikuwa cha gereji: breki, gia, plagi. Mtu akikwambia mashine imekutaja kwa cheo chako, na cheo hicho hapo kituoni unacho wewe peke yako, utajitetea kwa lugha gani? Alinyamaza, na kunyamaza kwake, kama ilivyo kawaida kwa wakubwa, kukahesabiwa kuwa amekubali.

Ilivyokuwa ni hivi. Mkewe, Pelagia, alishikwa na nimonia katikati ya masika. Kituoni wakampa sindano, wakampa hewa ya mtungi, wakaona hali haieleweki, Daktari Shamsi akaandika apelekwe Kasulu. Nani wa kumpeleka? Mumewe, kwani gari ni la nani kuendesha? Wakamlaza nyuma, wakamvika kidoleni kile kibanio cha mashine, na nesi Swaumu, binti mgeni kazini, akakaa kwenye kibenchi akaitumbulia macho. Mashine yenyewe ni ndogo, ukubwa wa redio ya mkononi. Ililetwa na mradi kwa sherehe na picha. Inaonyesha moyo unapiga vipi na hewa imefika kiasi gani mwilini, na kila moyo ukipiga inalia, ti, ti, ti.

Reverien aliendesha huku sikio lake moja liko nyuma.

"Vipi huko, sista?"

"Safi, Mzee. Tisini na saba. Moyo umetulia kabisa."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Amelala. Mwache apumzike, usiku kucha hakufumba jicho."

Ti, ti, ti. Kuna wakati katika barabara ile Reverien alianza hata kupiga mluzi, na mluzi huo baadaye ulimwuma kuliko mambo mengine yote. Walipofika Makere, mama yake Pelagia, ambaye watu humwita Mama Anaclet, alikuwa amesimama kando ya barabara na chupa ya uji. Alikuwa amepigiwa simu kwamba binti yake atapita. Reverien akapunguza mwendo, akauliza kupitia kidirisha, "Tusimame amwone mama yake?" Swaumu akatazama mashine. "Namba ni nzuri mno, Mzee. Twende tumwahi daktari bingwa kabla hajatoka. Watamwona akirudi." Reverien akapiga honi, akampungia mkono mama mkwe, akakanyaga mafuta.

Kasulu, mlango wa nyuma ulipofunguliwa, daktari wa mapokezi alimshika Pelagia shingoni. Akatazama mashine. Akamshika tena. Kisha akamwuliza Swaumu kwa sauti ya chini, "Huyu mbona amepoa? Huyu amekufa kitambo." Na mashine, ti, ti, ti, tisini na saba. Reverien alimsukuma yule daktari. "Amekufaje na moyo huo hapo unapiga? Huusikii?" Walimwondoa kwa nguvu. Mashine iliendelea kuhesabu moyo wa marehemu mpaka mtu mmoja alipoona aibu akaizima.

Maneno ya barazani hayakukaa barazani. Yalipanda bodaboda, yakashuka Makere, yakafika kwa Mama Anaclet yakiwa yamenenepa: mkwe wako alikuwa halifanyii usafi gari, vumbi likaingia kwenye mashine ya hewa, mashine ikamkumbusha, akapuuza, mkewe akafa. Mama Anaclet alimpigia simu, akaanza kwa salamu ya kilugha.

"Mwakeye, Baba Gentille."

"Mwakeye, Mama."

"Ni kweli mashine ilikukumbusha?"

"Mama, nilikuwa naisafisha kila siku. Kwa spiriti. Mungu anaona."

"Mungu namjua, huwa anaona. Mimi namtaka huyo daktari. Mlete hapa, aseme mbele yangu na mbele ya wanangu kwamba siyo wewe. Siku hiyo tutakuja kuanua matanga. Kabla ya hapo usikanyage kwangu, na sisi kwako hatuji."

Akakata. Gentille, binti yao pekee, aliyeolewa huko Kakonko, naye akaanza kupokea simu za baba yake kwa sauti ya kazini, "Ndiyo baba, sawa baba," halafu akawa hapokei. Nyumbani mikeka ya msiba ilibaki imetandikwa, mafiga ya wapishi bado yako uani, na majirani wakipita wanashusha sauti. Huo ni msiba usio na siku ya kwisha. Reverien akaona hana kingine cha kutafuta duniani ila kitu hicho kimoja: Shamsi asimame Makere aseme, siyo huyu.

Kwanza alijilaumu mwenyewe. Huenda kweli kuna pembe aliyoiruka. Akanunua mswaki mpya, akachokonoa kila tundu la mashine kwa spiriti na pamba. Akafungua mfuniko wa nyuma, akapuliza. Akaifuta kwa kitambaa cha kanga ya Pelagia, laini kuliko vyote. Kila akiiwasha, mstari mwekundu uko pale pale. Swaumu alikuwa akimwona anavyosugua, anapita upande mwingine.

"Sista," akamwita siku moja, "hebu nisomee tena. Labda leo imesema kitu kingine."

Swaumu akainama, akasoma, macho yakamjaa machozi. "Ni yale yale, Mzee."

Ndipo alipomkumbuka Josué. Huyu alikuwa Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, fundi wa kompyuta wa shirika moja mpaka fedha za nje zilipokatwa na shirika likafunga virago. Sasa alikuwa anatengeneza simu kwenye kibanda cha maturubai pale soko la kambi. Reverien alipopeleka wagonjwa upande ule alikata kona, akamfikishia mashine ikiwa imefungwa kwenye koti.

Josué akaiunganisha na kompyuta yake yenye kioo kilichopasuka, akaandika andika, akasoma, halafu akacheka peke yake.

"Papa Reverien, nani alikuambia huyu dereva njo we?"

"Daktari. Imeandikwa."

"Imeandikwa dereva, ndiyo. Kwetu tunasemaka pilote. Lakini haiko mutu! Ni programu, iko ndani mule. Haina mikono, haina macho, haina hata leseni."

"Haina leseni?" Reverien akauliza, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolishika.

"Haina. Kazi yake ni moja. Angalia." Josué akavuta vibao viwili vya kukalia wateja, akavipanga. "Tuseme kumbukumbu ya machine ni wodi, na hivi ni vitanda. Mugonjwa akikuja, pilote anaomba kitanda, anaweka pale hesabu ya moyo wake. Mugonjwa akitoka, pilote anapashwa kutandua mashuka, kusafisha, kisha kurudisha kitanda kwa mukubwa wa wodi. Mukubwa wa wodi anamupa mwingine. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Sasa ile siku kutandua kulishindikana. Sijue sababu. Labda umeme, labda waya ilikuwa ingali inashika kile kitanda, inaandika bado. Kushindwa siyo mubaya, Papa. Kila kitu kinashindwaka. Mubaya ni yenye ilifanya kisha kushindwa. Pilote muzuri akishindwa kusafisha, anafunga kile kitanda. Anaweka alama, mutu asilale hapa tena mpaka machine izimwe yote. Kitanda kimepotea, basi, wodi inabakia na vitanda vichache, lakini hakuna mutu analala ndani ya mashuka ya mwingine. Huyu wenu alishindwa, akaandika pale chini nimeshindwa, kisha akarudisha kile kitanda sawa vile kimesafishwa."

Reverien alikigusa kibao cha pili kwa kidole.

"Kwa hiyo ule moyo tuliokuwa tunausikia..."

"Ni wa ule mugonjwa wa mbele yake. Ulikuwa unajirudia tu. Machine haikumwona mama hata kidogo."

Mgonjwa aliyemtangulia Pelagia alikuwa Nurudini, mwenye duka la jumla mjini Kibondo, aliyeanguka ngazini akavunjika mguu. Mtu mwenye kifua kama ngoma. Hata hospitali hakulazwa zaidi ya kufungwa plasta. Sasa hivi alikuwa dukani kwake ameegemeza gongo ukutani, anauza sukari. Tangu siku hiyo Reverien hakuweza tena kuingia katika duka lile. Aliwahi kujaribu, akafika mlangoni, Nurudini akamwita kwa furaha, "Karibu, dereva wangu, mwokozi wangu!" na Reverien akageuka akaondoka, akaenda kununua sabuni mbali.

"Dawa yake?" akamwuliza Josué.

"Kubadilisha pilote. Mupya iko, wenye kutengeneza machine walishaandikaka, wanaitoa bure. Ni kazi ya muda mufupi. Ila inaomba neno la siri, na neno la siri wanalo wakubwa wenu wa mradi."

"Wakubwa tena," akasema Reverien.

"Papa, hata mbinguni kuko mulango."

Hata hivyo siku ile alirudi Kibondo na kitu mfano wa tumaini, na hilo lilikuwa kosa lake, maana mtu aliyezoea kukosa huwa anaumia kidogo. Alimweleza Daktari Shamsi. Akapanga viti viwili ofisini, akaeleza vitanda na mashuka kama alivyofundishwa. Shamsi alimsikiliza mpaka mwisho, na usoni ilionekana wazi kwamba ameelewa. Aliacha hata kuchezea kalamu.

"Kwa hiyo siyo mimi, Daktari."

"Subiri. Hayo ni maneno ya mkimbizi mmoja wa sokoni."

"Basi na tuulize wenye mashine. Halafu twende Makere, Daktari. Dakika chache tu. Useme kwa kinywa chako, basi. Nitakupeleka na kukurudisha."

Shamsi alikubali apigiwe Mratibu wa mradi, Bwana Haidari, aliyekuwa anakaa Kasulu kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Siku Josué alipopata kibali cha kutoka kambini kuja Kibondo kununua vipuri, wakakaa wote watatu ofisini, simu ya Shamsi ikawekwa mezani na sauti ikafunguliwa. Haidari alikuwa njiani kwenda mkutanoni. Zilisikika honi na redio ya gari.

"Haya, semeni haraka. Hiyo mashine ina nini?"

"Patron, bonjour," Josué akasema, akaiinamia simu kama anayezungumza na mtu kiziwi. "Machine yenyewe ni nzima kabisa. Shida ni dereva. Dereva wake ni mubaya. Anashindwa kusafisha, kisha anarudisha kitu sawa vile ni kisafi. Anadanganya."

"Enhe! Nilijua tu."

"Sasa suluhisho iko moja. Mubadilishe dereva. Huyu wa zamani muondoe kabisa, musimuache hata kidogo, akibaki ataharibu na mupya. Muweke mwingine."

Reverien alielewa kila neno, maana alikuwa ameshaonyeshwa vitanda. Lakini alilisikia pia kama linavyosikika kwa mtu aliyekaa kwenye gari na redio imefunguliwa. Akanyoosha mkono. "Josué, mwambie ni yule wa ndani..."

"Patron, ni ule wa ndani ya..."

"Nimekuelewa, fundi, asante sana," Haidari akasema. "Tangu mwanzo nilisema, yule mzee amechoka, mnaoneana haya tu. Shamsi, upo hapo? Nalishughulikia leo leo. Naingia kwenye kikao." Simu ikakata.

Josué alikuwa amejishika kichwa. "Hapana, hapana, hapana. Daktari, murudilie! Umwambie dereva haiko mutu!"

Shamsi alipiga. Haipatikani. Akapiga tena. "Yuko kwenye kikao," akasema, akaigeuza simu kifudifudi. "Nitamfafanulia jioni. Msiwe na wasiwasi. Nendeni."

Walienda. Nje, Josué alimshika Reverien mkono kwa mikono yake miwili. "Papa, unisamehe. Nilisema kweli tupu, na njo kweli imekuua." Reverien akamwambia hana kosa. Na kweli hakuwa na kosa. Wenye kosa walikuwa wanakula chakula cha mchana kikaoni.

Gharibu alifika kwa basi kutoka Kasulu, kijana mcheshi, shati limepigwa pasi, miwani ya jua imekaa kichwani. "Shikamoo mzee wangu. Nimeambiwa nije kuchukua usukani hapa. Wewe ndiye unastaafu, siyo?"

Reverien hakuitikia shikamoo. Alikwenda moja kwa moja mpaka ofisini, akaingia bila kubisha.

"Daktari. Ulimwambia?"

Shamsi aliinuka, akafunga mlango, akabaki ameuegemea kwa mgongo kama mtu anayezuia upepo.

"Nilimwambia. Nakuapia. Nilimweleza kila kitu, dereva ni programu, siyo binadamu. Unajua aliniuliza nini? Aliniuliza, kama dereva siyo mtu, nani aliipokea hii mashine na kuikubali kwamba ni nzima? Nani aliuona mstari mwekundu siku zote hizo akaendelea kuivika wagonjwa? Nani aliwatangazia watu barazani?" "Akasema, Shamsi, chagua. Dereva ni mtu, au dereva ni wewe."

"Ukachagua."

"Mzee Reverien, wewe ulikuwa umebakiza kidogo tu kustaafu. Mimi wanangu ndiyo kwanza wameanza sekondari."

"Mimi mke wangu yuko kaburini na mikeka iko chini. Sikuombi kazi. Kazi wape. Njoo Makere, mwambie yule mama, faraghani tu, chumbani, hata kwa kunong'ona. Hatamwambia mtu."

"Nikimwambia mmoja nimewaambia wote."

"Kwa hiyo unajua siyo mimi."

"Najua," Shamsi akasema, na akamfungulia mlango.

Uani Swaumu alikuwa anaandaa gari kwa safari ya kwanza ya Gharibu, mama mmoja wa Kifura aliyekuwa anahema kwa shida. Mashine ilikuwa tayari juu ya kibenchi. Chini ya kioo, juu ya mstari mwekundu, palikuwa pamebandikwa kipande cha plasta ya kidonda.

"Hii nini, sista?"

"Nimeagizwa," Swaumu akajibu bila kuinua uso. "Wagonjwa wanaogopa wakiuona. Na tatizo limeshafungwa, Mzee, kwenye ripoti imeandikwa dereva amebadilishwa."

"Na wewe unaamini?"

Swaumu akamwinamia mgonjwa. Alimshika yule mama shingoni kwa vidole viwili, akavitoa haraka kwa kuwa Daktari alikuwa dirishani.

Reverien akaenda upande wa usukani. "Kijana. Huko nyuma ukisikia inalia vizuri, usiamini. Simamisha gari, kamshike mgonjwa mwenyewe. Mshike shingoni."

Gharibu alicheka, akashusha miwani ya jua machoni. "Mzee wangu, mimi nashika usukani. Shingo zina wenyewe waliosomea." Akawasha ving'ora, akatoka getini kwa madaha, na nyuma kukasikika, mpaka gari lilipopotea, ti, ti, ti.

Reverien akaona imebaki njia moja, aende mwenyewe. Alimwomba Josué amfuate akaseme kwa Mama Anaclet yale ya vitanda. Makere na kambi ni jirani, lakini kibali cha Josué kilikuwa kimekwisha, na waliokamatwa nje ya kambi bila kibali juma lile walikuwa bado hawajarudi. "Papa, nikikamatwa mimi, utakuwa na mashahidi wawili wasiosikilizwa," akamwambia kwenye simu.

Akapanda Hiace, akashuka Makere mchana mweupe, akatembea mpaka uani kwa mama mkwe. Mama Anaclet alikuwa ameketi chini, anamenya muhogo. Mwanawe, Anaclet, alikuwa ameipindua baiskeli, anaweka mnyororo. Reverien alisimama mbali kidogo, kwa heshima, akasalimia. Wakaitikia bila kunyanyua nyuso.

"Nilisema uje na daktari," akasema Mama Anaclet.

"Daktari amekataa, Mama. Lakini anajua. Ameniambia kwa kinywa chake kwamba anajua siyo mimi."

"Alisema mbele ya nani?"

"Mimi na yeye."

Anaclet akazungusha pedeli, akasikiliza mnyororo. "Hilo hata mimi naweza kulisema, shemeji. Mfalme wa Ulaya ameniambia, mimi na yeye."

Reverien akavumilia. Alianza kueleza. Alieleza wodi, vitanda, mashuka. Alieleza mwenye kupaswa kutandua akashindwa, akarudisha kitanda kichafu. Alieleza moyo wa Nurudini uliokuwa unalia ndani ya gari. Kila alipoendelea alisikia maneno yakimtoka vizuri zaidi kuliko siku zote, na kila alipoendelea aliona macho ya mama mkwe yakimtazama kwa namna ya kumwogopa, kama unavyomtazama mtu ambaye msiba umemwingia kichwani.

"Subiri," Mama Anaclet akasema. "Unasema dereva aliyeshindwa ni mwingine."

"Ni mwingine, Mama."

"Yuko wapi?"

"Ndani ya mashine."

"Ndani ya mashine anakaa mtu?"

"Siyo mtu, Mama. Ni maandishi tu. Hana mikono."

Anaclet aliacha mnyororo. Hakucheka tena. "Shemeji," akasema polepole, "gari lako liko wapi? Nimekuona unashuka kwenye Hiace."

Reverien alijua hapo ndipo pa kusema uongo. Angesema liko gereji. Angesema leo ni zamu yangu ya kupumzika. Lakini Kasulu na Kibondo ni barabara moja, na Gharibu angepita pale kila siku ya Mungu.

"Wamenitoa kazini."

"Wamemtoa nani?" Mama Anaclet akauliza. "Yule wa ndani au wewe?"

"Mimi."

"Na yule wa ndani?"

"Yumo bado."

Kisu cha muhogo kilisimama. Mama Anaclet alimtazama mkwewe kwa mara ya kwanza tangu afike, uso wake hauna hasira; ingekuwa hasira, Reverien angalau angekuwa na la kuijibu.

"Baba Gentille," akasema, "mimi sikusoma. Lakini watu waliosoma, wakubwa wenye mashine yao, wamekaa, wamechunguza, wakasema mwenye kosa aondoke. Aliyeondoka ni wewe. Unataka mimi nijue zaidi yao?"

Reverien alitaka kuanza tena kutoka kwenye vitanda, akaona hakuna mlango wa kuingilia. Kweli yote aliyokuwa nayo ilikuwa mikononi mwa watu wawili, mmoja hawezi kutoka kambini, mwingine hawezi kutoka mlangoni mwa ofisi yake.

"Anaclet," mama akasema, "mletee mgeni maji."

Mgeni. Katika nyumba ile, alipozoea kuingia mpaka jikoni akajipakulia mwenyewe, akaletewa maji kwenye glasi ya wageni, juu ya sahani. Aliyanywa amesimama, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha pa kukaa. Akarudisha glasi, akashukuru, akatembea kuelekea barabarani kungoja gari lolote la kwenda Kibondo.